Kisu Kisicho na Kivuli

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imenikuta juu ya ngazi, naandika bango la duka la dawa. Nilikuwa katikati ya neno, ikabidi nishuke mbio. Mwenye duka ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama nimehama mji.

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Anafundisha hesabu shule ya sekondari na amechoka kupigiwa simu akiwa darasani kila mteja anaponikorofisha. "Andika humo, Mama," kasema. "Ukimaliza kuandika hasira itakuwa imepungua." Ana miaka thelathini na moja na bado hanijui vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Rangi haikauki. Nimechonga penseli zote.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimepata mgeni mwenye viatu visivyo na tope, sijui alipita wapi. Ni mkurugenzi mpya wa maktaba, kijana mpole, anatembea na faili kwapani hata anapokunywa chai. Nimeshampa jina: Bwana Faili.

Paa la maktaba linavuja. Maji yameteremka ukutani juzi na kupita juu ya ile picha ya rangi ya mafuta wanayoiita Meza ya Mwalimu. Tarehe ishirini na sita Aprili ukumbi mkubwa utafunguliwa upya na kupewa jina la marehemu Mwalimu, mchoraji aliyevuma mji mzima, na picha ile ndiyo itakayokaa mbele. Wanatafuta mtu wa kuikarabati.

"Nimeambiwa zamani ulikuwa kwa Mwalimu," alisema. "Ulikuwa unafagia pale, sivyo?"

"Nilifagia pia," nikamjibu.

Hakuuliza hilo "pia" lilikuwa na nini ndani yake. Nimemwambia nitakwenda kuiona kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda. Niandike yote leo, maana nikilala nayo nitaamka nimeshaanza kujionea haya.

Maktaba inanuka karatasi zilizolowa. Ndoo nne zimepangwa sakafuni, na yule mlinzi wao, Mzee wa Funguo, anazunguka kuzimwaga moja baada ya nyingine. Miaka yote nimemchukulia kuwa ni mtu wa kukoroma tu kwenye kiti chake pale mlangoni. Leo hata salamu yangu aliijibu kwa kutikisa funguo.

Picha bado iko pale pale ukutani. Meza ya mbao, juu yake gazeti. Juu ya gazeti birika la bati lililobanduka rangi mdomoni, nusu mkate, vitunguu vitatu, kimoja kimechipua, na kisu cha jikoni kilichowekwa ukingoni, mpini umetokeza nje ya meza. Mwanga unaingia kutoka dirisha la kushoto. Birika lina kivuli, mkate una kivuli, hata lile chipukizi la kitunguu lina kivuli chembamba. Kisu hakina.

Nilikuta wanafunzi kama ishirini wamesimama mbele yake na mwalimu wao. "Angalieni kisu," anawaambia. "Msanii amekinyima kivuli makusudi. Kwa nini? Kwa sababu kisu hapa ni wakati. Wakati hauachi kivuli." Watoto wanaandika. Nikabana kicheko mpaka mbavu zikauma. Niliwahi kusoma gazetini kwamba kisu kile ni kifo. Redioni mtu mmoja alisema ni njaa. Sasa kimekuwa wakati.

Kisu kile hakina kivuli kwa sababu nilishikwa na uchungu wa kujifungua.

Haya, nimeandika. Picha ile niliichora mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeingia kwa Mwalimu kama mfagiaji, na baada ya miaka minne nilikuwa nachanganya rangi zake, nawamba kitambaa chake kwenye fremu na kumalizia kola na vifungo vya wale wakubwa aliokuwa akiwachora sura. Yeye alichora sura za watu maisha yake yote. Hakuwahi kuchora meza kabla ya ile wala baada yake, na hakuna msomi hata mmoja aliyejiuliza kwa nini. Mimi ndiye niliyeipanga meza ile katika chumba cha nyuma. Nilichora wiki tano, kila asubuhi kabla ya kufagia, tumbo likiwa linagusa ukingo wa ubao wa kuchorea. Vitunguu vilibadilishwa mara mbili kwa sababu mke wa Mwalimu alivichukua akavipika. Kile cha tatu kilichipua kikinisubiri, nikakichora hivyo hivyo.

Siku ile nilibakiwa na kivuli cha kisu tu. Nilikuwa nachanganya kahawia na buluu kidogo, chupa ya uzazi ikapasuka hapo hapo nilipokaa. Mke wa Mwalimu ndiye aliyenipeleka hospitali. Muuguzi alininyang'anya brashi mlangoni mwa wodi ya wazazi. Nilirudi baada ya wiki sita na mtoto mgongoni, nikakuta ubao mtupu. "Imeuzwa," Mwalimu akasema. "Ilibidi iwe na saini." Basi. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka, mpaka leo hajarudi, na mimi nilihitaji pa kulala. Nikanyamaza. Tajiri aliyeinunua alipohama aliiachia maktaba, na tangu hapo nimekuwa nikiiona kwenye kalenda.

Sikuwa nimeiwekea jina langu kwa sababu ilikuwa haijaisha. Huwa siandiki jina kwenye kazi isiyoisha. Huo ndio ujinga wangu, na nimeulipia.

Sasa leo. Niliisogelea kuona uharibifu. Rangi ya mafuta inavumilia maji. Imechubuka sehemu tatu za juu, na ukungu umeanza pembeni, vitu vinavyotengenezeka. Lakini kona ya chini kulia, pale ilipokuwa saini ya Mwalimu, nzuri, yenye mkia mrefu, hakuna kitu. Pamesafishika. Chini ya fremu limebaki tone jeusi lililokauka.

Nimelinusa tone lile, nikalisugua kwa kucha. Ni rangi ya unga. Ile ile ya kukoroga na maji niliyokuwa nikiwatengenezea watoto wa darasa la Jumamosi. Mwalimu mzima, aliyenifundisha mimi kwamba rangi ya unga juu ya mafuta hushika kama vumbi, aliisaini kazi yangu kwa rangi ya watoto. Bila shaka mnunuzi alikuwa njiani na rangi ya mafuta ingechelewa kukauka. Ikadumu miaka thelathini na moja kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuipangusa kwa kitambaa kibichi.

Nimecheka njia nzima kurudi nyumbani. Kisha nikafika, nikakaa kitandani na mwavuli wangu mkononi, nikalia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeikubali kazi. Wamenipa stoo ya vitabu vibovu na meza. Picha imelazwa chali mbele yangu.

Uchafu wa miaka husafishwa kwa pamba na mate. Hakuna dawa inayoshinda mate, yana uvuguvugu wake na hayachubui. Unaviringisha pamba kwenye kijiti, unailamba, unapitisha taratibu, unatupa, unachukua nyingine. Bwana Faili aliingia akanikuta nimetoa ulimi. Macho yakamtoka.

"Mama, unaitemea picha?"

"Naiosha, mwanangu."

"Kwa mate?"

"Ulitaka nilete ya nani?"

Akaondoka na faili lake. Sijui kama ameliandika humo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Nimemaliza bango la duka la dawa kati ya manyunyu mawili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia binti yangu. Sikukusudia. Alikuja stoo na chakula changu cha mchana, akasimama nyuma yangu akiniangalia ninavyosafisha birika, akasema, "Mama, unaishika kama unamwogesha mtoto." Maneno yakanitoka yote, kuanzia vitunguu mpaka wodi ya wazazi.

Aliweka chakula chini, akakiinamia kisu. Kisha: "Kwa hiyo kivuli hakipo kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako."

"Na mwalimu wetu wa sanaa alituandikisha kurasa mbili juu ya kisu kile! Nilipata sifuri. Niliandika kwamba mchoraji alisahau."

"Hukukosea sana."

"Unanificha kitu kama hiki miaka yote, halafu unanipigia simu kunilalamikia kuhusu kinyozi aliyetaka herufi nyekundu?" Alikuwa amekasirika kweli, siyo mchezo. Nikamwambia ningesema nini, na kwa nani, wakati kila mtu alikuwa akimvisha marehemu taji. Akatoa rula kwenye mkoba wake, akapima birika na kivuli chake, akapima kisu, akaandika hesabu nyuma ya risiti.

"Sentimita nne na nusu," akasema. "Kingeanza hapa na kuishia kwenye ukingo wa meza. Hapo kingekatika na kuteremka."

Mimi nilikuwa nimekipima kwa jicho tangu kabla hajazaliwa, na jibu ni lile lile. Risiti nimeibandika kwenye jalada la daftari hili.

Jumanne, 18 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Mzee wa Funguo ameongeza ndoo ya tano.

Jumamosi, 22 Machi

Bwana Faili kaja stoo anatabasamu, kashika karatasi. Ni saini ya Mwalimu, ameitoa kwenye barua ya zamani na kuikuza kwa mashine ikawa kubwa kama sahani.

"Uharibifu mwingine unautengeneza vizuri sana, Mama. Wewe ni fundi kwelikweli, mkono wako hauna mfano." Kilemba cha ukoka, kimekaa kichwani kwangu kwa sekunde mbili tu. "Sasa bado hii. Uirudishe pale kwenye kona. Wewe herufi ndiyo kazi yako."

"Unataka niandike jina la mtu mwingine?"

"Siyo kuandika, ni ukarabati. Ilikuwepo, maji yameifuta, tunairudisha."

Nilifunga kopo la rangi. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kama siku hiyo itakuja nitasema kwa utulivu, kwa sauti ya mtu mzima. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto aliyeonewa. "Picha hii si ya Mwalimu. Niliichora mimi."

Alinitazama. Hakucheka, kwa hilo namsifu. Alinitazama kwa huruma, na ingekuwa afadhali angecheka.

"Mama, kila mtu anajua picha hii ni ya nani. Kuna kitabu kinachapwa, ipo kwenye jalada. Una ushahidi wowote?"

Ushahidi wangu anafundisha hesabu kidato cha tatu. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba saini ile sitaiandika.

"Fikiria kwanza," akasema. "Itabidi nimtafute fundi mwingine, na sipendi."

Jumapili, 23 Machi

Nina hasira. Binti yangu ni mwongo, kuandika hakupunguzi kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa mke wa Mwalimu.

Miaka yote hii nimekuwa na hasira na watu wawili, na huyu ni wa pili. Mwalimu alichukua, lakini huyu aliona. Alijua nani alikuwa akikaa chumba cha nyuma kila asubuhi. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe, nimepanga maneno tangu kituoni.

Ana miaka themanini na moja. Alinifungulia mlango mwenyewe, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, sweta limefungwa vifungo kombo. Nikasema "Shikamoo, Mama," na maneno mengine yote yakapotea.

"Marahaba. Umechelewa," akasema. "Nilidhani ungekuja alipokufa."

Alijua shida yangu kabla sijakaa. Nilipomweleza kuhusu mvua na saini, alitikisa kichwa polepole. "Nilimwambia. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwambia, hiyo si yako, na hiyo rangi si ya kazi hiyo. Akasema mnunuzi anafika saa nne. Akasema ukirudi atakueleza."

"Hakunieleza."

"Najua hakukueleza. Nilikuwa mkewe."

Kisha akanyanyuka, akafungua kabati, akarudi mikono mitupu kama aliyesahau alichofuata. "Zile nguo za mtoto," akasema. "Zile nilizokuletea wodini. Na blanketi la njano. Unazikumbuka?"

Nazikumbuka! Blanketi lile binti yangu amelala nalo mpaka darasa la pili. Kwa sababu ya blanketi lile, hasira yangu kwa mama huyu haikuwahi kukamilika. Kila nilipotaka kumchukia kabisa, nililiona.

"Zilitokana na picha," akasema. "Nilimkalia kooni mpaka akatoa. Hakutoa zaidi ya hapo."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikamwomba aje kwenye ufunguzi aseme hayo, maneno hayo hayo tu. Akaniangalia kama ninamwomba apande juu ya paa. "Wanaupa ukumbi jina lake, mwanangu. Mimi nitaketi mbele, nimeshonewa gauni. Unataka nisimame niseme mume wangu alikuwa mwizi?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo hasa ninachotaka.

Alinisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mwavuli wangu, akaufunga mlango bila kelele. Nimerudi peke yangu kama nilivyokwenda.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Bwana Faili ameuliza. Nimesema bado nafikiri.

Alhamisi, 3 Aprili

Ameuliza tena. Nimesema bado nafikiri. Nimemaliza kuziba michubuko yote mitatu, na usipoambiwa ilikuwa wapi huwezi kuiona.

Jumanne, 8 Aprili

Niliamka leo nikiwa nimeshaamua, na sikumbuki niliamua saa ngapi.

Wananibembeleza nimalizie picha ile kwa jina la mtu. Lakini kilichobaki siyo jina, ni kivuli. Jina hufuata kazi ikiisha, na kazi haijaisha. Nilimwachia muuguzi brashi na buluu yake bado mbichi, na kahawia yangu bado iko kichwani. Nani wa kunizuia kumaliza picha yangu? Ukumbi ni wao, paa bovu ni lao. Kisu ni changu.

Nilichanganya kahawia na buluu kidogo. Nilianza chini ya makali, nikavuta kuelekea mpini, laini, rangi nyembamba ili gazeti lionekane kwa ndani, mpaka kwenye ukingo wa meza. Hapo kikakatika na kuteremka. Sentimita nne na nusu. Robo saa tu ya kazi.

Nilipoinua kichwa, Mzee wa Funguo alikuwa mlangoni na ndoo yake. Nikasubiri apige kelele. Aliweka ndoo chini, akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ndicho kilichokuwa kinanikera," akasema.

"Nini, Mzee?"

"Kisu. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakiangalia kutoka kwenye kiti changu. Kilikuwa kinaelea. Nilikuwa naona kitaanguka, kitamkata mtu mguu. Niliwahi kumwambia mkurugenzi wa zamani, akasema hii ni sanaa, Mzee, huwezi kuelewa." Akaitazama tena. "Sasa kimekaa."

Kumbe mtu niliyedhani anakoroma pale mlangoni alikuwa anaangalia. Miaka ishirini na miwili! Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa na rangi mikononi, na yeye alikuwa ameshaichukua ndoo yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Bwana Faili ameona. Mtu mpole akikasirika hutisha, kwa sababu hajui pa kusimama.

"Umefanya nini? Mama, umefanya nini? Kisu kisicho na kivuli ndiyo picha yenyewe! Kitabu kimeshachapwa! Kuna sura nzima juu ya kisu!"

"Wataandika nyingine."

"Kifute."

"Ni mafuta, imeshaanza kushika. Ukiweka tapentaini hapo utaifuta na meza."

Alitaja kamati, akataja wakili, akataja polisi, kila kimoja akikipigia faili lake mezani. Nilimsikiliza nikiwa naosha brashi. Alipochoka nikamwambia, "Mwanangu, aliyechora kisu ndiye ajuaye kivuli chake kinaangukia wapi. Mlete fundi yeyote mji huu, au msomi yeyote, akipime. Ukikuta kimekosea hata kwa upana wa kucha, nitaandika saini unayoitaka."

Akakitazama. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyotaka. Kisha akasema niondoke, na sanduku langu la rangi libaki mpaka kamati ikae, kwa sababu ni kielelezo. Nimeondoka na brashi moja ndani ya mfuko wa gauni na kitubu kimoja cha kukamua cha rangi nyeusi ya mafuta. Hakunipekua.

Jumanne, 15 Aprili

Mafundi mabango wawili wamenipigia simu kunicheka. Bwana Faili amewaendea na ile saini yake kubwa kama sahani. Wote wawili wamemwambia mvua imewabana. Wote wawili mimi ndiye niliyewafundisha kushika brashi.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nimepiga pasi gauni.

Ijumaa, 25 Aprili

Mzee wa Funguo amenipigia simu jioni. Sikujua ana namba yangu.

"Fundi, ameandika mwenyewe."

"Nani?"

"Mkurugenzi. Kajifungia stoo na sanduku lako. Nimemwona tunduni, ulimi nje. Kachovya, kaandika, kapepea kwa faili, dakika tano ikakauka."

Nikaketi. "Dakika tano?"

"Tano, sita."

Mafuta hayakauki kwa dakika tano wala kwa siku tano. Katika sanduku langu kuna kikopo kimoja tu kinachokauka hivyo, ni ile rangi ya unga ninayojaribia herufi. Nimecheka mpaka Mzee akauliza kama ninalia.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi sasa hivi, sijavua hata viatu, lakini nitaandika.

Ukumbi ulijaa. Ndoo zimefichwa nyuma ya mapazia, unasikia matone yakigonga. Mke wa Mwalimu mbele kabisa, gauni la kijivu, mkongojo. Picha juu ya kinara, taa imeelekezwa kwake, na saini pale kwenye kona, imelala upande kidogo, mkia umenenepa. Mimi na binti yangu tulisimama nyuma karibu na mlango. Ofisa mgeni akahutubia, akamsifu marehemu, akafika kwenye picha. "Na tazameni," akasoma kwenye karatasi yake, "kisu hiki maarufu kisicho na kivuli."

Watu wakatazama. Kisu kina kivuli. Ofisa akaangalia karatasi, akaangalia picha, akaangalia karatasi. Minong'ono ikaanza. Bwana Faili akasimama kusema ni matokeo ya ukarabati.

Binti yangu akanisukuma mgongoni. Sitamsamehe, na sitamaliza kumshukuru.

Nikapita katikati ya viti. Sikukimbia. Nilikuwa na pamba mkononi tangu nyumbani, nimeiviringisha kwenye kijiti. Nikafika mbele ya picha, mbele ya ofisa, mbele ya wote, nikailamba pamba ile, nikaipitisha kwenye saini. Mara moja tu. Nusu ya jina ikaondoka. Nikailamba tena, na weusi wote ulimini, nikaondoa nusu iliyobaki. Mtu akapiga ukelele. Bwana Faili akanishika mkono, akasema mwiteni mlinzi. Mzee wa Funguo alikuwa kwenye kiti chake. Ghafla akawa kiziwi.

"Mwache."

Sauti ndogo. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama kwa mkongojo wake. "Mwachie mkono. Ukumbi ni wa mume wangu, mmempa, ahsanteni. Meza ile ni ya huyu. Vitunguu vilikuwa vyangu, nilivipika mara mbili akanuna." Akageuka kuniangalia mimi. "Na blanketi lilikuwa la kwako, mwanangu. Halikuwa zawadi. Nilipaswa kukuambia siku ile ile." Akaketi. Alikuwa analia bila kujifuta, na watu wakaangalia sakafu.

Bwana Faili akaniachia. Nikatoa brashi mfukoni, nikafungua kitubu, nikaandika jina langu. Herufi zangu ni nzuri, nimelisha mtoto kwa herufi. Hakuna aliyepiga makofi na sikuyangoja. Nikawaambia, "Hii ni mafuta. Msiiguse wiki mbili."

Jumatatu, 28 Aprili

Barua kutoka maktaba. Nisikanyage pale mpaka kamati ikae. Binti yangu ameibandika jikoni ukutani.

Jumamosi, 10 Mei

Mzee wa Funguo amenifungulia mlango wa nyuma. Nimegusa jina langu kwa kidole. Limekauka.

Jumatano, 28 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Kamati imekaa. Imeamua kuendelea kuamua, na kwa sasa kibao cha chini ya picha kibadilishwe. Bwana Faili alikileta mwenyewe wiki mbili zilizopita, kwa sababu kila fundi aliyemwendea alimwelekeza kwangu. Alisimama mlangoni bila faili. Akasema yeye amekipima kile kivuli kwa rula, jioni moja, peke yake. Akasema kiko sawa. Nikampa chai.

Kibao kiandikwe: *Meza. Msanii bado anachunguzwa.*

Nimekimaliza leo mchana, herufi safi kabisa, amekichukua kikiwa kimekauka na ameridhika. "Meza" nimeiandika kwa rangi ya mafuta, siku ile ile aliyokileta, ili ipate muda wa kukauka. Maneno mengine yote nimeyaandika kwa rangi ya unga.

Paa la maktaba bado halijazibwa.